Nani Alisema Akae Siku Saba?

Hotuba hii niliitoa mbele ya watumishi wa hospitali yetu, wajumbe wa kamati ya afya na wageni wetu wa bima. Wenzetu waliokuwa zamu siku ile wameiomba, basi naiweka hapa nzima kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha, maana hata siku ile umeme ulikatika mapema na hakuna aliyezikumbuka.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Daktari Mfawidhi, madaktari, wauguzi wenzangu, wajumbe wa kamati ya afya, ndugu zetu wa bima: itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni. Najua mmetoka kula, najua pilau lilikuwa zito na feni hii inazunguka kwa kusuasua. Nitajitahidi msilale.

Nianze na kijana mmoja. Yuko wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Alifanyiwa ngiri Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Anakula, anatembea, choo anapata, homa hana. Jana mchana nilimkuta nje chini ya mwembe anacheza drafti na mlinzi, na alikuwa anashinda. Nikamuuliza daktari wa zamu, "Daktari, huyu anasubiri nini?" Akanijibu, "Sista, anamalizia sindano."

Anamalizia sindano!

Ndugu zangu, leo sikuja kuzungumzia upasuaji mkubwa. Simzungumzii majeruhi wa ajali aliyefunguliwa kichwa, wala mama aliyepasuka mfuko wa uzazi. Hao wakae, na tuwakazie macho. Nazungumzia upasuaji wetu wa kila siku: ngiri, busha, kidole tumbo kilichowahiwa, uvimbe mdogo, mama aliyejifungua kwa upasuaji bila tatizo. Hawa ndio wanaojaza vitanda. Na swali langu ni moja tu: siku wanazokaa, nani alizipanga? Kidonda, au sisi?

Mwaka 2016 watafiti wa chuo cha afya cha London School of Hygiene and Tropical Medicine walitoa hesabu za nchi 92, wakiangalia akina mama wanakaa hospitali siku ngapi baada ya kujifungua. Kwa waliojifungua kwa upasuaji, kuna nchi wastani ulikuwa siku 2.5. Kuna nchi ulikuwa siku 9.3. Tumbo la binadamu ni lile lile, tabaka ni zile zile, uzi ni ule ule. Sasa niambieni, ngozi ya mama wa nchi moja inachelewa kuunga karibu mara nne kuliko ya mama wa nchi nyingine? Haiwezekani. Kinachotofautiana ni mazoea, na pesa, na namna wodi inavyoendeshwa. Na watafiti hao hao walisema kuna nchi nyingi ambako akina mama wanaondoka mapema mno kuliko inavyofaa. Hilo nalo nitalifikia.

Kwanza turudi kwenye sindano.

Fungueni faili la mgonjwa yeyote wa ngiri hapa kwetu. Mtakuta dawa mbili za kuua bakteria: seftriaksoni ya mshipa mara moja kwa siku, metronidazo mara tatu, siku tano. Kwa nini tano? Muulize aliyeandika, atakwambia ndivyo alivyofundishwa akiwa intani. Mtafute aliyemfundisha, naye atakwambia hivyo hivyo. Tukiendelea kuulizana tutafika kwa mzee mmoja aliyestaafu, yuko shambani kwake anafuga kuku, na hata yeye hakumbuki.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, mwaka huo huo wa 2016. Linasema dawa ya kukinga itolewe kabla kisu hakijagusa ngozi, ndani ya dakika 120. Upasuaji ukishakwisha, isiendelezwe. Narudia kwa wale wa nyuma: isiendelezwe. Dozi za siku tano hazimwongezei mgonjwa kinga. Zinatuongezea vijidudu sugu wodini na zinamfunga mtu kitandani kwa kamba ya dripu. Naelewa kuna kidole tumbo kilichopasuka, usaha umejaa tumboni. Huyo hatumkingi tena, tunamtibu, na dozi yake ni nyingine kabisa. Lakini ngiri safi? Busha safi?

Mmeshautazama mkono wa mgonjwa aliyekaa na kanula, kile kibomba cha dripu, siku nne? Plasta imeshakuwa nyeusi pembeni, inanuka jasho, mshipa umekakamaa kama uzi wa nailoni chini ya ngozi, na mgonjwa anaukunja mkono kifuani ili mtu asimguse. Alikuja na ngiri. Ngiri tumeitoa. Sasa anaumwa mkono. Na ukimuuliza daktari kwa nini hajaruhusiwa, atakwambia ana kavimbe mkononi.

Halafu nyuzi. Wapo wanaowekwa mpaka nyuzi zitolewe. Kidonda kilichoshonwa vizuri kinajifunga kwa juu ndani ya saa 48 hivi. Baada ya hapo mtu anaweza hata kuoga. Kutoa nyuzi ni kazi ya mkasi na koleo safi, na zahanati yake ya kijijini inavyo vyote viwili, na muuguzi wa kule alisoma darasa moja na sisi. Na upasuaji mwingine tunaweza kushona kwa uzi unaoyeyuka tu, tukaachana na habari hiyo.

Na raundi, je? Hapa nitawagusa wakubwa, mniwie radhi. Raundi kubwa ni Jumanne na Alhamisi. Mgonjwa akipona Ijumaa asubuhi, amepona siku mbaya. Atakaa Jumamosi, atakaa Jumapili, Jumatatu atamwona daktari wa zamu ambaye hatathubutu kuruhusu mgonjwa wa bosi, na Jumanne bosi atapita, atamwangalia kwa dakika moja na kusema, "Huyu bado yupo?" Bado yupo, Daktari! Alikuwa anakusubiri wewe!

Kwa nini muuguzi asiruhusu? Tukubaliane vigezo, tuviandike, tuvibandike mezani kwa nesi: homa hana, mkojo ametoa mwenyewe, anakula na hatapiki, anatembea hadi chooni peke yake, maumivu yanatulizwa na vidonge, kidonda kikavu, nyumbani kuna mtu. Akitimiza vyote, muuguzi wa zamu anamruhusu, hata kama ni Jumapili na daktari bingwa yuko kanisani.

Bili sitaizungumzia sana kwa sababu mhasibu wetu ameniomba tuzungumze pembeni. Nitasema moja tu. Mgonjwa anaruhusiwa saa nne asubuhi, faili linazunguka famasi, maabara, dirisha la malipo, ustawi wa jamii, na ikifika saa kumi dirisha limefungwa. Siku hiyo anayolala akisubiri karatasi, nayo tunamwandikia kitanda. Hivi tumewahi kuwaza hilo linaitwaje?

Sasa tuje kwenye fedha zenyewe.

Mtu wa mahesabu anafikiri hivi: kitanda kwa siku ni kiasi fulani, tukipunguza siku tatu tumeokoa mara tatu. Naomba nimvunje moyo kidogo. Gharama nzito za upasuaji ziko siku ya kwanza: chumba cha upasuaji, dawa za usingizi, oksijeni, gauni na vifaa vilivyochemshwa, jenereta. Siku za mwisho mgonjwa anakula ugali alioletewa na shemeji yake na anameza paracetamol. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani walipiga hesabu hiyo mwaka 2000 kwa wagonjwa wao, wakakuta siku nzima ya mwisho inachukua chini ya asilimia 3 ya gharama yote ya kulazwa. Mshahara wa nesi uko pale pale, taa zinawaka zile zile. Daladala ikishaingia barabarani, mafuta ni yale yale, abiria ashuke kituo cha mbele au cha nyuma.

Kwa hiyo anayewaambia kwamba kufupisha siku peke yake kutajaza sanduku la hospitali, msimwamini sana. Faida ipo, tena kubwa, ila haiko alikoitazamia mhasibu.

Ipo kwenye kitanda kinachobaki wazi. Yule mzee wa busha tuliyempa tarehe ya mbali, ambaye kila mwezi anakuja kuchungulia kama jina lake limesogea, anaingia Jumatano badala ya kungoja masika yapite. Chumba cha upasuaji ni kile kile, watu ni wale wale, waliotibiwa ni wengi zaidi. Hapo ndipo gharama kwa kila mgonjwa inashuka kweli.

Na ipo nyumbani kwa mgonjwa.

Tulimlaza baba mmoja, mkulima wa mpunga. Ngiri. Bili yake haikuwa ya kutisha, na aliilipa. Lakini mkewe alikuja naye. Wodini ndugu halali, basi mama wa watu analala barazani kwenye mkeka, kajifunika khanga, mbu wanamla. Asubuhi uji kwa mama ntilie pale getini, mchana wali maharage, jioni hivyo hivyo, vyote vya watu wawili. Kuoga analipia, chooni analipia, kuchaji simu kibandani analipia. Nyumbani watoto wako kwa jirani, na mpunga umefikia kuamiwa ndege na hakuna wa kuamia. Kila jioni anapiga simu kuuliza, "Ndege wameshuka?" Anajibiwa wameshuka.

Siku ya kuondoka alikuja kuniaga. Akaniambia, "Sista, matibabu hayakutumaliza. Kilichotumaliza ni kukaa."

Nani kati yenu aliiandika gharama hiyo mahali? Haipo kwenye risiti yetu. Haipo kwenye taarifa ya robo mwaka. Lakini duniani imeshahesabiwa. Tume ya upasuaji ya jarida la Lancet ilitoa ripoti yake mwaka 2015. Ilisema kila mwaka watu milioni 33 wanaingia kwenye gharama za kuangamiza familia kwa kulipia upasuaji na usingizi. Halafu ikaongeza wengine milioni 48 wanaoangamizwa na gharama zisizo za matibabu: nauli, chakula, malazi. Zisizo za matibabu! Yaani wanaofilisiwa na barabara, sahani na mkeka ni wengi kuliko wanaofilisiwa na kisu. Mama wa mpunga alilijua hilo bila tume.

Sasa najua kuna anayesema moyoni, "Huyu Sista anatuletea mambo ya Ulaya." Naam, mengine ni ya Ulaya, lakini sikilizeni ni ya Ulaya ipi.

Glasgow, Uskoti, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mji wa viwanda, masikini wamebanana vyumbani, watoto wana miguu iliyopinda na midomo iliyopasuka. Daktari James Nicoll alikuwa anapasua watoto pale kwenye zahanati ya hospitali ya watoto, na akimaliza, mama anambeba mwanawe mgongoni au mikononi, wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mwaka 1909 alisimama mbele ya madaktari wenzake akawatajia hesabu: upasuaji 8,988 katika miaka kumi. Ngiri za vichanga zimo. Hakuwa na viuavijasumu hata kimoja, maana vilikuwa havijagunduliwa.

Aliwezaje? Alikuwa na wauguzi wanaowafuata watoto nyumbani kuwaangalia. Na kwa wanyonyao, alikuwa na nyumba ndogo jirani na hospitali, mama anakaa na mwanawe ananyonyesha. Alisema kumtenganisha mtoto na mama yake kunamdhuru mtoto. Hii si Ulaya ya mashine za mabilioni. Hii ni Ulaya ya masikini, muuguzi mwenye viatu vizuri, na nyumba ya kupanga.

Baadaye, miaka ya 1990, akatokea daktari wa upasuaji, Henrik Kehlet, kule Copenhagen, Denmaki. Huyu aliwachukua wagonjwa waliokatwa utumbo, watu waliozoea kulala wiki na zaidi, wengi akawarudisha nyumbani siku ya pili au ya tatu. Wapo waliorudi tena hospitali, tusidanganyane. Lakini swali lake lilikuwa jepesi na ninaliiba kwake bila aibu: mgonjwa huyu yuko hospitali leo kwa sababu gani? Kila asubuhi, kila kitanda. Kama jibu ni maumivu, tibu maumivu. Kama ni kichefuchefu, tibu kichefuchefu. Kama hakuna jibu, mpe viatu vyake.

Na aligundua kwamba siku za kulala hazipunguzwi siku ya kuruhusu. Zinapunguzwa kabla mgonjwa hajapasuliwa.

Chukueni kufunga. Tunamwambia mgonjwa, "Usiguse kitu tangu saa sita usiku." Sawa. Yeye ni wa nne kwenye orodha. Saa tatu asubuhi ameingia wa kwanza. Saa tano analetwa mama wa dharura, mtoto amechoka tumboni, orodha inasimama, na ni haki isimame. Saa nane jenereta linagoma. Saa tisa alasiri mtu wetu yuko kwenye benchi la korido, kavaa gauni lililofunguka mgongoni, midomo imepauka, hajanywa hata tone tangu jana. Saa kumi nesi anakuja, "Baba, wewe mpaka kesho." Na kesho tunamfungisha tena!

Miongozo ya usingizi ya Marekani na ya Ulaya, na hii si ya jana, inaruhusu maji na chai ya rangi mpaka muda wa saa mbili kabla ya upasuaji, na mlo mwepesi mpaka saa sita kabla. Sisi tunawafungisha watu kama toba. Mtu aliyeingia kwenye usingizi na njaa na kiu ya kutwa nzima, mnategemea aamke na nguvu ya kutembea?

Na akishatoka tunamfungisha upya. Mnajua tunasubiri nini. Msicheke. Kila asubuhi nesi kijana, kabinti ka watu, anasimama mbele ya mzee wa heshima, baba wa wajukuu, anamuuliza kwa sauti inayosikika kitanda cha nane: "Babu, umeshajamba?" Na babu asipojamba, uji hapati! Kwa aliyefunguliwa utumbo nitaelewa woga huo, ingawa hata huko Kehlet aliwalisha mapema. Lakini babu huyu alipasuliwa busha. Utumbo wake hakuna aliyeuona! Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, tafiti zinaonyesha kunywa na kula ndani ya saa chache hakuleti dhara, na zipo zilizoona kwamba hata kutafuna bigijii kunauamsha utumbo mapema. Bigijii, ya dukani hapo getini. Nimewahi kulisema hili kikaoni nikaangaliwa kama nimetumwa na mwenye duka.

Maumivu nayo. Ngiri na busha nyingi zinafanyika kwa ganzi ya pale pale, na mtu akamaliza akashuka mezani kwa miguu yake. Kanada kuna hospitali ya ngiri iitwayo Shouldice, tangu 1945, mgonjwa anaondoka chumba cha upasuaji anatembea huku ameshikwa mkono. Sisi tuna tabia ya kusema, "Akiumwa atasema." Mwanaume wa kwetu atasema? Atauma meno, atalala chali bila kugeuka, kesho kifua kimejaa makohozi. Vidonge vitolewe kwa saa, awe analalamika au amenyamaza.

Sasa nifike kwenye hofu, kwa sababu ninayo hata mimi.

Mwaka 1983 Marekani ilibadilisha jinsi bima ya wazee inavyolipa hospitali. Zamani ililipa kwa gharama zilizotumika: ukae zaidi, walipwe zaidi. Ikaanza kulipa kiasi kimoja kwa ugonjwa mmoja, ukae siku mbili au kumi. Siku za kulala zikapungua upesi, jambo jema. Lakini watafiti walipokwenda kutazama mafaili, wakakuta wazee wanaorudishwa nyumbani kabla hawajatulia wameongezeka. Hospitali ilipunguza gharama yake, binti wa mzee akaibeba jikoni kwake. Kule wakaupa mtindo huo jina: kutoka haraka zaidi, ukiwa mgonjwa zaidi.

Ndugu zetu wa bima, nawatazama ninyi. Mkilipa kwa kitanda kwa siku, mnatufundisha kuwaweka watu. Mkilipa kifurushi kimoja kwa ngiri moja, mnatufundisha kuwaondoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita hapa Tanzania mwaka 2023, ikaja na mazungumzo ya vifurushi. Mimi naunga mkono kifurushi. Ila kifurushi kiwe na ndani yake ufuatiliaji wa nyumbani, ulipiwe, uonekane kwenye dai. La sivyo mnatulipa tufukuze wagonjwa.

Kwa sababu huku kwetu hatari ikoje? Mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa wa upasuaji Afrika, wagonjwa 11,422 katika nchi 25. Theluthi moja walikuwa akina mama wa kujifungua kwa upasuaji. Kati ya kila wagonjwa 100, karibu 18 walipata tatizo baada ya upasuaji, na wawili walifariki. Vifo hivyo ni mara mbili ya wastani wa dunia, wakati wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye afya zaidi. Na karibu wote hao walifariki baada ya kutoka chumba cha upasuaji. Kwenye wodi. Kwenye wodi zetu hizi, ambako usiku muuguzi mmoja ana vitanda 40 na mashine moja ya presha inayovuja upepo.

Kuna atakayesema, "Basi si wakae zaidi?" Mimi nasoma kinyume chake. Muuguzi huyo mmoja akipunguziwa vijana kumi na tano wa drafti chini ya mwembe, atapata nafasi ya kumtazama yule mama anayetokwa damu kidogo kidogo chini ya shuka. Siku zinazopotea kwa asiyezihitaji zinamkosesha macho anayeyahitaji.

Kwa hiyo wapo ambao hawaondoki, na hapa sitaki haraka za mtu yeyote. Anayekaa mbali na njia hukatika mvua ikinyesha. Anayeishi peke yake. Asiye na simu wala jirani mwenye simu. Mwenye kisukari kisichotulia. Mama wa upasuaji ambaye mtoto hajashika ziwa vizuri. Huyo kwangu mimi hata siku ya nne akae, na atakayeniletea hesabu nitamrudishia. Kwa wale wa mbali walio wazima, tuna zile nyumba za akina mama kusubiria kujifungua, ambazo sehemu nyingine huitwa Chigonela. Nicoll alipanga nyumba jirani na hospitali. Sisi tunayo tayari, na vyumba viwili vimejaa viti vibovu. Tutoe viti.

Na wale wanaoondoka wafuatwe. Rwanda, wilaya ya Kirehe, walilifanya kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Mhudumu wa afya wa kijijini anamfuata mama nyumbani siku kama kumi baada ya upasuaji, anamuuliza maswali machache yaliyomo kwenye simu, homa, usaha, maumivu, anapiga picha ya kidonda inaonwa na mtaalamu. Mama hapandi bodaboda na mshono mbichi kwenda kuambiwa "uko vizuri". Kwetu wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, mpango wao mpya ulizinduliwa 2024. Wanajua nyumba zote, wanajua nani ana mtoto na nani ana mbwa mkali. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupokea jina la mgonjwa kutoka wodi yangu. Tunamruhusu mtu, anatoka getini, na sisi tunamfuta kwenye ubao.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nimeiona.

Ninachoomba leo ni vitu ambavyo mnaweza kuvijibu kabla ya chai. Daktari Mfawidhi, naomba ruhusa ya miezi mitatu: ngiri na busha zisizo na matatizo, wodi ya wanaume peke yake, dozi moja kabla ya kisu, chai ya rangi asubuhi kwa walio nyuma kwenye orodha, na muuguzi aruhusu kwa vigezo. Tuwaandike wote, waliorudi na wasiorudi, homa, usaha, kila kitu, na mafaili yawe wazi kwa anayetaka kunisuta. Wakirudi wengi, tunasimamisha.

Mhasibu, naomba dirisha moja lifunguliwe Jumamosi mpaka saa sita mchana.

Na Mwenyekiti wa Bodi, naomba simu moja ya wodi. Ya vitufe, isiyoibika kirahisi, yenye namba moja itakayoandikwa kwenye cheti cha kila anayeruhusiwa, ipokewe usiku na mchana. Sasa hivi wagonjwa wanapiga simu zetu za mkononi, na muuguzi akienda likizo wamepotea. Simu yenyewe tumeshachangishana wodini, ipo kwenye droo. Tunachokosa ni vocha ya kila mwezi, na fungu la matumizi ambalo vocha hiyo itaandikiwa. Mhasibu anasema halipo. Nawaomba wajumbe mlijadili hilo sasa hivi, yeye akiwepo, na mimi nakaa.